Domeni ya emoji kwa biashara yako Uganda: hatua za kuipata bila kupoteza wateja

Kijana mmoja anayekaanga kahawa Mbale alinijia Kampala akiwa na pakiti tupu ya karatasi. Upande wa mbele alikuwa amechora kwa kalamu kikombe kinachotoa mvuke, na pembeni yake mlima. "Kaka, anwani yangu ya intaneti nataka iwe hivi tu," akasema. "Mtu abonyeze kikombe, abonyeze mlima, afike kwangu."

Nililipenda wazo lake na bado nalipenda. Ukiuza kahawa ya Mlima Elgon, mteja wa Mbale anaongea Kigisu, wa Soroti Kiteso, wa Kampala Kiganda, dereva wa lori anayengoja foleni Malaba Kiswahili, na mtalii Kiingereza. Kikombe wote wanakisoma. Tena majina mafupi ya maneno yamekwisha kuchukuliwa: ukitafuta neno moja zuri linaloishia na .com, utakuta mwenyewe yupo tangu zamani. Emoji inaleta ufupi huo upya, na inamfanya mtu atabasamu kabla hata hajafungua tovuti. Kwa muuza rolex (chapati iliyokunjwa na mayai), kinyozi, msusi au fundi keki, tabasamu hilo lina thamani.

Lakini nimeona pia watu wakitoa pesa kwa anwani ambayo nusu ya wateja wao hawawezi kuifungua. Hizi ndizo hatua ninazofuata sasa, na naomba usizirukeruke, kwa sababu mpangilio wake ndio unaookoa pesa.

Hatua ya 1: Jua unachonunua

Mfumo wa majina ya intaneti ulijengwa kwa herufi za a hadi z, tarakimu na kistari. Picha haimo. Kwa hiyo emoji ikitumika kwenye domeni, yaani jina la anwani ya tovuti, hugeuzwa kuwa herufi kwa njia iitwayo Punycode, iliyochapishwa mwaka 2003, na mbele yake huwekwa xn-- ili kompyuta zijue kuwa hayo si maneno ya kawaida. Ndizi 🍌 inakuwa xn--mi8h. Kikombe ☕ kinakuwa xn--53h. Kikombe na mlima wa yule kijana, ☕⛰️, vinakuwa xn--53h63a.

Hizo herufi za ajabu ndizo unazonunua. Ndizo zitakazoandikwa kwenye risiti, ndizo seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) inazoziona, na mara nyingi ndizo mteja wako atakazoziona juu ya skrini. Picha ni kanga tu iliyofunikwa juu yake.

Tafuta kigeuzi cha Punycode mtandaoni, bandika emoji yako, kisha andika jibu kwenye daftari. Fanya hivyo kwa simu mbili tofauti, ya iPhone na ya Android kama unaweza kuazima, ulinganishe. Sababu ni hii: emoji kama ⛰️ na ❤️ mara nyingi hufuatwa na alama isiyoonekana kwa macho, inayoiambia simu ichore picha ya rangi badala ya alama nyeusi. Vigeuzi vizuri huiondoa alama hiyo. Vingine huiacha, na hapo unapata xn-- nyingine kabisa, yaani anwani nyingine kabisa. Majibu yakitofautiana, sahihi ni lile lililotoka bila alama hiyo.

Hatua ya 2: Chagua emoji isiyo na pacha

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo watu wanapopita haraka.

Chukua ule mlima. Kwenye simu kuna milima mitatu: ⛰️, 🏔️ wenye theluji kileleni, na 🗻 ambao ni Mlima Fuji wa Japani. Kwenye skrini ndogo, juani, nani atatofautisha? Mteja akibonyeza wa pili badala ya wa kwanza, ameingia kwenye anwani ya mtu mwingine au hajafika popote. Tuliuacha mlima siku hiyohiyo. Elgon ikabaki kwenye pakiti kama mchoro, na kwenye anwani kikabaki kikombe peke yake. Nyuso zinazocheka nazo ni mtego: 😀, 😃 na 😄 ni anwani tatu. Mioyo ni mingi kama rangi za kitenge, na kila rangi ni anwani yake.

Dada mmoja mwenye saluni Wandegeya alitaka 💇🏿‍♀️, mwanamke mweusi anayetengenezwa nywele. Alikuwa na haki ya kuitaka. Kwa nini saluni ya Kampala iwe na mtu wa manjano? Tatizo liko ndani ya picha yenyewe. Inaonekana moja, lakini imeshonwa kwa vipande vitano: mtu anayetengenezwa nywele, rangi ya ngozi, uzi usioonekana wa kuunganisha, alama ya kike, na ile alama ya rangi niliyoitaja juu. Ukiiingiza kwenye domeni, uzi hukatwa. Kinachobaki ni vipande vilivyoachana, na kivinjari kikivionyesha unaona mtu, halafu alama ya kike peke yake pembeni. Isitoshe, mteja ambaye simu yake inatoa rangi ya manjano akibonyeza tu bila kuchagua ngozi, ameandika anwani nyingine. Zipo rangi tano za ngozi zaidi ya manjano, kwa hiyo ungelazimika kununua sita ili umpate kila mtu. Nilimshauri achukue mkasi ✂ au rangi ya kucha 💅 ya kawaida. Akachagua rangi ya kucha, ingawa najua moyoni haikuwa alichokitaka.

Bendera ya Uganda 🇺🇬 nayo inavutia sana, hasa kwa wanaouza bidhaa za nyumbani nje ya nchi. Hiyo ni herufi mbili maalumu, U na G, zilizokaa pamoja. Kompyuta za Windows haziichori bendera. Huonyesha herufi hizo mbili tu. Mteja wako wa ofisini hataiona.

Ukishapata emoji yenye kipande kimoja, isiyo na rangi ya ngozi wala pacha, ipeleke mtaani. Waonyeshe watu watano wa aina tofauti: mama wa sokoni, mwendesha boda, mwanafunzi, mzee wa msikitini au wa kanisani, na mtu asiyekujua. Usiwaulize kama ni nzuri. Waulize inaitwaje. Domeni hutamkwa: kwa simu, kwenye taksi, na zaidi ya yote kwenye redio, ambako wauzaji wengi wa hapa bado wanapata wateja. Mtangazaji akisema "kikombe cha kahawa nukta ws" msikilizaji ataelewa. Akisema "uso unaocheka macho yakiwa yamefumba kidogo," umepoteza pesa za tangazo. Watu watano wakitaja majina matatu, tafuta emoji nyingine.

Hatua ya 3: Nunua kwanza domeni ya maneno

Kabla ya emoji yoyote, nunua jina la kawaida linaloishia na .ug, .co.ug au .com. Wasajili, yaani wanaouza domeni, wapo Kampala, na kwa .ug unaweza kumpata anayepokea mobile money, bila kuhangaikia kadi ya benki.

Wengine huniuliza domeni ya nini wakati ukurasa wa Facebook ni bure. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, Facebook ilifungwa nchini, na waliokuwa wakiuza kupitia huko peke yake walijikuta hawana mlango ghafla. Aliyekuwa na anwani yake mwenyewe aliendelea kuipeleka kwa wateja, kwa SMS na kwa stika.

Jambo moja nakusihi: andikisha kwa barua pepe yako na jina lako. Domeni ya kwanza ya ndugu yangu iliandikishwa na fundi kwa barua pepe ya fundi. Fundi alihama, akabadili namba, na ndugu yangu akalitazama jina la duka lake likiisha muda bila uwezo wa kulilipia. Fundi anaweza kukusaidia kubonyeza, lakini nenosiri libaki kwako.

Hatua ya 4: Jaribu njia ya bure

Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, na wengi hawaijui. Ukiwa na domeni ya maneno, unaweza kuweka kitu chochote mbele yake kwa nukta, kama watu wanavyoweka "www" au "mail". Kitu hicho kinaweza kuwa emoji. Tuseme domeni yako ni jinalako.ug. Unaweza kuwa na ☕.jinalako.ug bila kumlipa mtu shilingi zaidi, kwa sababu ndani ya domeni yako wewe ndiye unayepanga majina.

Ingia kwenye akaunti yako ya usajili, fungua sehemu ya DNS, yaani orodha inayoeleza kila jina linaelekea wapi, ongeza rekodi mpya. Mahali pa jina usibandike picha. Andika xn--53h, au herufi ulizoandika kwenye daftari katika hatua ya 1. Aina ya rekodi chagua CNAME, na mahali inapoelekea andika jinalako.ug. Hifadhi, kisha ngoja. Wakati mwingine ni dakika chache, wakati mwingine saa kadhaa. Halafu mweleze mwenye seva yako aongeze jina hilohilo la xn-- kwenye orodha ya majina inayoyapokea, la sivyo mteja atafika mlangoni akute pamefungwa.

Kuna pia njia ya kuweka emoji baada ya mkwaju: jinalako.ug/☕. Inafanya kazi, ila mteja akiinakili na kuituma kwa mwenzake, mara nyingi inageuka kuwa jinalako.ug/%E2%98%95. Inafunguka, lakini uzuri wake umekwisha.

Tumia moja ya njia hizi kwa miezi miwili mitatu. Ukiona watu wanaipenda, wanaipiga picha, wanaitaja, basi nenda hatua ya 5. Ukiona hawaijali, hujapoteza kitu.

Hatua ya 5: Emoji inayosimama peke yake

Watu wengi huanza kwa kutafuta emoji yenye .com. Usajili mpya wa namna hiyo haupo. Domeni za .com, .net na .org zinafuata kanuni za mwaka 2010 ziitwazo IDNA2008, ambazo zinaruhusu herufi za lugha za dunia lakini si alama za picha. Zile chache unazoziona zenye .com ziliandikishwa zamani, nyingine tangu 2001, zikaachwa ziendelee. Mwaka 2017 kamati ya usalama ya ICANN, shirika linaloratibu majina ya intaneti duniani, ilishauri emoji zisitumike kwenye domeni hata kidogo, na sababu zake ni hizihizi za mapacha, rangi za ngozi na vipande vilivyoshonwa. Nawaheshimu kwa hilo. Kama biashara yako inapokea pesa za watu mtandaoni, ushauri wao uchukue kama ulivyo, na ubaki na maneno.

Kwa tangazo, kwa stika, kwa kuchangamsha jina, zipo nchi ambazo herufi zao za mwisho wa anwani hazifungwi na kanuni hizo, na zinaruhusu emoji: .ws ya Samoa, .to ya Tonga, .fm ya Micronesia. Coca-Cola walitumia .ws mwaka 2015 kwa kampeni ya Puerto Rico iliyokuwa na nyuso za tabasamu. Kampuni ya programu ya Panic ya Marekani ilijichukulia 💩.la, ya Laos, mwaka 2011.

Unapolinganisha bei, usitazame ya mwaka wa kwanza. Tazama ya kulipia upya. Hulipwa kwa dola na kwa kadi, kwa hiyo shilingi ikishuka, bei yako inapanda. Emoji moja peke yake huwa ghali au imechukuliwa. Emoji mbili, au emoji na neno fupi, hupatikana kwa urahisi: "kahawa☕" ni rahisi kukumbuka kuliko ☕ pekee, na mtu anayeisoma kwa sauti hahangaiki.

Domeni za bure zikimbie. Kwa miaka mingi kampuni iitwayo Freenom iligawa bure majina ya .tk, .ml, .ga, .cf na .gq, na wapenzi wa emoji walijaa huko. Mwaka 2023 usajili mpya ulisimamishwa, Gabon ikachukua tena .ga yake, na watu wengi wakapoteza anwani walizokwisha kuzichapisha.

Hatua ya 6: Elekeza, usihamie

Tovuti yako ibaki kwenye domeni ya maneno. Emoji iwe njia ya kuingilia tu: mtu akiibonyeza, apelekwe moja kwa moja jinalako.ug. Wasajili wengi wana kitufe cha kuelekeza. Chagua elekezo la kudumu, namba 301. Cheti cha usalama, kile kinacholeta alama ya kufuli, kiombwe kwa jina la xn--, na kiwe kwenye domeni zote mbili. Bila cheti kwenye emoji, mteja anapewa onyo la hatari kabla hajaelekezwa, na hapo anakimbia.

Faida nyingine ya kuelekeza ni kwamba Chrome, ambayo ndiyo iko kwenye simu nyingi za Android, huonyesha xn-- badala ya picha ili kuwazuia matapeli wanaotumia herufi zinazofanana. Safari ya iPhone huonyesha picha. Ukielekeza haraka, mteja wa Chrome hakai na hizo herufi za kutisha. Anaona jina lako la kawaida.

Hatua ya 7: Jaribu kwenye simu za wateja wako

Usijaribu kwenye simu yako peke yako. Azima Android ya bei nafuu, iPhone, simu yenye Opera Mini, na kompyuta ya mgahawa wa intaneti. Kwenye kila moja, andika anwani kwa mkono. Baadhi ya vivinjari vitadhani unatafuta neno na kukupeleka Google. Ukiweka https:// mbele, huwa vinaelewa. Kisha jitumie anwani kwa WhatsApp na programu nyingine unazotumia kuuzia, uone kama inageuka kuwa kiungo cha kubonyeza. Programu nyingi haziitambui. Zikikataa, huko tuma ya maneno.

Barua pepe usiiweke kwenye domeni ya emoji. Fomu za benki, za zabuni na za shule zitaikataa.

Halafu kuna SMS, na hapa wafanyabiashara wa kwetu huumia bila kujua. SMS ya kawaida inabeba herufi 160. Ukiweka emoji moja tu ndani yake, mfumo hubadilika na SMS inabeba 70. Tangazo la herufi 150 lililokuwa SMS moja linakuwa SMS tatu. Ukiwatumia wateja 1,000, unalipia SMS 3,000. Kwenye SMS andika domeni ya maneno, na hakikisha hakuna hata uso wa tabasamu mwishoni. Wenye simu ndogo za tochi, tena, wengi wao wangeona kisanduku kitupu mahali pa emoji.

Hatua ya 8: Chapisha

Tulipeleka stika za kahawa Nasser Road, mtaa wa wachapishaji Kampala, na zilirudi 500 zikiwa na kisanduku cheupe mahali pa kikombe. Kompyuta ya mchapishaji haikuwa na fonti ya emoji, na sisi tulikuwa tumempelekea maandishi. Tangu hapo napeleka emoji kama picha, kwenye PDF, na nadai kuona nakala moja kwenye karatasi kabla ya kulipa. Usitumie picha za emoji za Apple, maana zina mwenyewe. Chukua Noto Color Emoji ya Google au Twemoji, ambazo leseni zake zinaruhusu matumizi ya biashara. Twemoji inataka utaje zilikotoka, kwa hiyo kwa pakiti ndogo Noto ni rahisi zaidi.

Pakiti ya yule kijana sasa ina kikombe kikubwa mbele, mchoro wa Elgon nyuma yake, domeni ya maneno chini kwa herufi zinazosomeka kwa mkono ulionyooshwa, na msimbo wa QR upande wa pili. Ndani ya QR tuliweka domeni ya maneno. Ukitaka kuhesabu wangapi wanaingia kupitia emoji, weka ile ya xn--, lakini usiweke picha yenyewe, kwa kuwa baadhi ya visomaji huivuruga.

Emoji yake iko mbele ya domeni yake mwenyewe, kwa njia ya hatua ya 4. Ya kusimama peke yake bado hajanunua. Anasema atainunua mavuno yakikaa vizuri. Tarehe ya kulipia upya domeni ameiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, karibu na mashine ya kukaangia, siku 30 kabla haijaisha.